Mafunzo ya Bi Slaidi

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, nyumba ile iliamka mapema kuliko siku nyingine. Dada mkubwa aliwahi bafuni, maana siku hiyo alikuwa mwalimu. Mdogo wake wa kike alimfuata huku akipiga miayo. Mama yao alikuwa ameshaweka chai na mkate mezani.

Dada mkubwa alikuwa msimamizi wa mauzo katika kampuni ya kuuza majiko ya gesi. Chini yake walikuwapo wauzaji tisa. Walitembea nyumba hadi nyumba na vipeperushi mkononi. Mdogo wake alikuwa mmoja wa hao tisa, na alikuwa na miezi miwili tu kazini. Nyumbani alimwita dada. Kazini alitakiwa kumwita Msimamizi, na mara nyingi alijisahau.

"Leo usiniite dada mbele ya watu," Msimamizi alimwambia huku akifunga begi lake.

"Sawa, dada."

Mama yao alicheka mpaka chai ikampalia. Hicho kilikuwa kicheko cha mwisho katika nyumba ile kwa muda mrefu.

Chumba cha mafunzo kilikuwa juu ya ghala la mitungi. Kilikuwa na paa la bati, viti vya plastiki na pazia zito. Pazia lilishushwa ili picha zionekane ukutani, na lilipoteremka, joto nalo lilipanda. Msimamizi alikuwa ameandaa slaidi sitini na mbili. Alizipenda. Kila moja alikuwa ameipamba kwa rangi na maandishi mazuri.

Alianza saa mbili. Alieleza historia ya kampuni. Alieleza aina za majiko, aina za wateja, na hatua saba za kumshawishi mteja. Alisema haraka, maana muda ulikuwa mfupi na slaidi zilikuwa nyingi. Wauzaji walitikisa vichwa. Wengine walitikisa kwa kuelewa, wengine kwa kusinzia. Gizani huwezi kujua.

Kwenye slaidi ya thelathini, mdogo wake alinyoosha mkono.

"Samahani, da... Msimamizi. Mteja akiwa na mpira wake wa zamani, ule wa kupitisha gesi, aendelee kuutumia?"

"Hilo liko mbele. Tutalifikia."

Hawakulifikia. Ilipofika saa saba, soda zililetwa na watu wakaanza kuangalia mlango. Msimamizi akaruka slaidi kumi na moja ili amalizie na picha ya muuzaji bora wa mwezi. Kisha akapitisha karatasi ya mahudhurio.

"Kuna mwenye swali?" aliuliza.

Viti vilianza kusogezwa.

"Mmeelewa wote?"

"Tumeelewaaa!" waliitikia kwa pamoja, kama darasa la watoto.

Akakusanya sahihi tisa, akaziweka kwenye faili. Juu ya faili hilo paliandikwa: Wamefundishwa.

Jumatano ya wiki hiyo hiyo, mdogo wake aliuza jiko. Mteja alikuwa fundi cherehani, mwanamke mtu mzima, aliyeishi vyumba viwili na binti yake. Chumba cha mbele kilikuwa cha kushonea. Cha nyuma kilikuwa cha kulala na kupikia. Fundi alikuwa na furaha, maana jiko lake la zamani lilikuwa limeliwa na kutu. Akauinua mpira wa jiko lile.

"Huu bado mzima, mwanangu? Niutumie, au nitafute mwingine?"

Mdogo mtu aliutazama. Kwa nje ulikuwa safi. Swali lilikuwa lile lile alilouliza Jumatatu. Fundi alikuwa akimwangalia, akisubiri jibu. Yeye aliona aibu kusema hajui, ilhali anayeiuza bidhaa ni yeye.

"Hauna shida, mama. Utumie tu."

Mpira ule ulikuwa na miaka sita. Karibu na ncha, mahali panapobanwa na klipu, palikuwa na nyufa ndogo kama nywele. Gesi ilivuja taratibu na kujikusanya chini ya meza. Ijumaa asubuhi fundi aliwasha njiti ya kiberiti ili achemshe chai.

Moto ulimrukia. Angeweza kukimbia. Lakini juu ya meza alikuwa ameweka vitambaa vya wateja wake, na kimoja kilishika moto. Fundi alivikamata vile vitambaa kwa mikono yake miwili, akavipiga ukutani na sakafuni mpaka vikazimika. Binti yake alipoingia alimkuta amesimama, ameinyoosha mikono mbele, anaiangalia kama si yake.

*

Habari ilifika ofisini kabla ya saa nne. Bosi alimwita Msimamizi, akafunga mlango.

"Nani aliuza lile jiko?"

"Mdogo wangu."

"Alihudhuria mafunzo?"

"Alihudhuria."

"Una sahihi yake?"

Msimamizi akaenda kwenye kabati, akatoa faili, akaleta karatasi. Bosi akaikagua, akaweka kidole kwenye sahihi ya tano.

"Basi kampuni imefanya kazi yake," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "Alifundishwa, hakufuata. Kosa ni lake. Aende nyumbani."

Msimamizi alitaka kusema jambo. Alifungua mdomo. Kisha akasema, "Sawa, bosi."

Mdogo wake hakulia alipopewa barua. Alikunja fulana ya kampuni vizuri, akaiweka juu ya meza ya mapokezi, akaondoka kwa miguu. Nyumbani alijilaza akageukia ukuta. Alilala hivyo Jumamosi na Jumapili. Chakula kilipelekwa kikarudishwa. Mama yao alikaa kitandani kwake, akampapasa mgongo kama alivyofanya alipokuwa mtoto. Alipata neno moja tu.

Jumatatu mama alimfuata Msimamizi jikoni.

"Nasikia amefukuzwa kwa sababu alifundishwa asifuate."

"Ndivyo bosi alivyosema, mama."

"Nani alimfundisha?"

Msimamizi akaongeza sabuni. Alikuwa anaosha kikombe, na kikombe kile kilikuwa kimetakata zamani.

"Sikuulizi ili nikugombeze," mama alisema. "Nakuuliza kwa sababu amesema neno moja tu tangu Ijumaa. Amesema, 'Niliuliza.' Alimuuliza nani?"

Msimamizi akakiweka kikombe chini. Hapo ndipo alipokumbuka mkono ulionyooka gizani.

*

Alikwenda hospitali siku hiyo hiyo. Wodi ya walioungua ilikuwa mwisho wa korido. Ilinuka dawa na kitu kingine ambacho hakutaka kukijua. Fundi alikuwa kitanda cha pembeni, mikono yote miwili imefungwa bandeji nyeupe mpaka kwenye viwiko. Uso wake ulikuwa umebabuka upande mmoja.

"Shikamoo," Msimamizi alisema.

Fundi alimtazama, akatazama beji ya kampuni shingoni mwake, kisha akageuza uso. Msimamizi aliivua beji ile, akaitia mfukoni, akabaki amesimama. Hakujua aondoke au akae.

Wakati huo nesi alikuwa akimfundisha binti wa fundi kubadilisha bandeji. Nesi alikuwa mama mnene mwenye sauti nzito. Alifanya mara moja polepole, bila maneno mengi. Kisha akavua glavu.

"Sasa wewe."

"Nimeelewa, nesi," binti alisema.

"Sijakuuliza kama umeelewa. Nionyeshe."

Binti alianza. Alisahau kunawa mikono. Nesi hakumkaripia. Alisema tu, "Rudi mwanzo." Binti akarudi mwanzo. Mara ya pili alifunga bandeji ikakaza mno. "Fungua. Muulize mama anajisikiaje." Mara ya tatu akafanya sawasawa. Nesi akatikisa kichwa.

"Vizuri. Kesho utafanya tena mbele yangu. Na keshokutwa. Mkisharuhusiwa, baada ya siku tatu nitapita nyumbani nikuone unavyofanya bila mimi."

Msimamizi alimfuata nesi mpaka kwenye korido.

"Samahani, dada. Unawafundisha wote hivyo?"

"Wote."

"Si unapoteza muda mwingi?"

Nesi akamwangalia kuanzia viatuni hadi kichwani. "Wewe ni mwalimu?"

"Nafundisha wauzaji. Wale wa..." Alishindwa kumalizia, akaelekeza mkono wodini.

Nesi akavuta benchi, wakakaa.

"Zamani na sisi tulikuwa tunawakusanya ndugu wa wagonjwa," alisema. "Tunawahutubia saa nzima, tunawapa karatasi, wanatia sahihi, wanakwenda. Baada ya wiki wanarudi, vidonda vimeoza. Tukawa tunasema, watu hawa wazembe. Mpaka daktari mmoja akaniuliza, 'Nesi, hao wazembe wote walikubaliana wapi waje hospitali hii hii?'"

Msimamizi karibu acheke, lakini kicheko kiligoma kutoka.

"Nikaanza kuwauliza," nesi aliendelea. "Nikakuta mtu nimempa mambo ishirini, ameondoka na mawili, na hayo mawili si yale ya maana. Sasa nampa jambo moja kwa siku. Nalifanya mbele yake. Analifanya mbele yangu. Akikosea, anakosea hapa nilipo, si kule. Kesho nauliza tena, maana watu husahau. Hata mimi nasahau. Halafu namfuata nyumbani, kwa sababu nyumbani hakuna meza safi wala maji ya bomba kama hapa."

"Na asipojua?"

"Aseme hajui. Siku ya kwanza nawaambia wote: humu ndani anayesema sijui hachekwi. Yule anayetikisa kichwa tu ndiye ninayemwogopa." Nesi akasimama, akanyoosha gauni lake. "Wako walitikisa vichwa?"

"Walitikisa," Msimamizi alisema kwa sauti ndogo.

*

Kesho yake asubuhi hakuandaa slaidi yoyote. Alipeleka chumba cha juu jiko moja, mtungi, mipira miwili, klipu na bisibisi. Akafungua pazia. Wauzaji wanane waliingia, wakaona mwanga, wakashangaa.

"Kila mmoja aunganishe jiko hili," aliwaambia. "Kisha anionyeshe kama gesi haivuji."

Walitazamana. Wa kwanza alikuwa yule waliyemwita Redio, kwa sababu hakuzimika akishaanza kuongea. Redio ndiye aliyekuwa muuzaji bora wa mwezi, miezi minne mfululizo. Aliunganisha mpira haraka, akapiga mtungi kofi, akasema, "Tayari, kazi kwisha."

"Utajuaje kama hauvuji?"

"Nitanusa."

Wa pili alisema atasikiliza. Wa tatu alisema atapitisha njiti ya kiberiti iliyowaka kwenye mpira, na chumba kizima kikaganda. Kati ya wanane, mmoja tu aliomba maji ya sabuni apake kwenye mpira. Hata huyo alisema alifundishwa na mjomba wake.

"Na mpira wa zamani?" Msimamizi aliuliza. "Mteja aendelee nao?"

Redio aliuokota mpira mmoja, akaurudisha chini.

"Semeni kweli. Leo hakuna wa kuchekwa."

"Hatujui," mwanamke mmoja alisema. "Mimi huwa nawaambia hauna shida. Mteja akiona unasitasita, hanunui."

"Hata mimi," alisema mwingine. Na mwingine tena.

Msimamizi aliketi. Jiko lile lingeweza kuuzwa na yeyote kati yao. Moto ule ungeweza kuwa nyumba nyingine, wiki nyingine, na sahihi nyingine kwenye karatasi ile ile.

"Mafunzo yangu yamewasaidia nini?" aliuliza. "Niambieni bila kunificha."

Redio alikohoa. "Tukwambie kweli kweli?"

"Kweli kweli."

"Sisi tunakuita Bi Slaidi. Usikasirike. Ukizima taa, mimi hulala. Nimejifunza kulala macho wazi."

Wengine waliinama kuficha nyuso. Msimamizi hakukasirika. Alihisi kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani, lakini hakukasirika.

Alishuka ngazi moja kwa moja mpaka ofisi ya bosi.

"Ile karatasi ya mahudhurio," alisema, "haisemi kweli. Inasema walikaa kwenye viti. Haisemi wanajua kitu. Nimewapima sasa hivi. Mmoja tu kati ya wanane ndiye anayejua kupima gesi inayovuja. Na mdogo wangu aliuliza kuhusu mpira wa zamani, siku mbili kabla hajauza lile jiko. Mimi ndiye sikumjibu. Nimeandika yote hapa."

Bosi alisoma. Uso wake ulibadilika rangi.

"Unajua unachofanya? Umeichukua kampuni umeiweka kitanzini."

"Kampuni iko kitanzini tangu zamani, bosi. Kuna majiko yetu mamia huko nje."

Bosi alisimama, akaenda dirishani. Akasema ataandaa semina kubwa ya siku mbili. Angemwita msemaji maarufu aje kuwatia wauzaji hamasa.

"Mimi sihitaji semina," Msimamizi alisema. "Nipe nusu saa kila asubuhi, kwa wiki sita. Na siku mbili kwa wiki niende na wauzaji mitaani. Na kwanza kabisa, turudi kwa kila mteja wa mwaka huu tukague mipira. Wiki sita zikiisha, kama hakuna mabadiliko, nifukuze na mimi."

"Nitakufukuza," bosi alisema. Hakutania.

*

Kazi ya kurudi kwa wateja ilichukua wiki nzima, na ilikuwa ya kuvunja moyo. Walikuta mipira kumi na minne mibovu. Waliibadilisha yote. Wateja wengine waliwashukuru. Wengine waliwafukuza mlangoni, maana habari ya moto ilikuwa imeenea mtaa kwa mtaa.

Kila asubuhi, nusu saa, walifanya jambo moja. Jumatatu walipaka maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira na kutazama mapovu. Mapovu yakivimba, gesi inavuja. Kila mmoja alifanya kwa mikono yake. Jumanne walifanya yale yale tena kabla ya kugusa kitu kingine, na watatu walikuwa wameshasahau. Hakuna aliyechekwa. Jumatano walijifunza kutazama mwaka uliopigwa chapa kwenye mpira, na kuukunja kwenye ncha ili kuona nyufa. Alhamisi: ukisikia harufu ya gesi, funga koki ya mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima taa, toa watu nje.

Wiki ya pili waliingia kwenye mauzo yenyewe. Mmoja alikuwa mteja, mwingine muuzaji, wengine walitazama. Baada ya hapo muuzaji alisema mwenyewe amefanya vizuri wapi na atabadili nini. Kisha wenzake. Msimamizi alisema mwisho, na alisema jambo moja tu.

Redio alichukia mchezo huo.

"Mimi nimeuza majiko kabla wewe hujaingia kampuni hii," alisema. "Leo nije kuigiza kama mtoto?"

Mauzo ya wiki ya tatu yalianguka. Bosi alituma karatasi yenye tarakimu, bila neno lolote. Msimamizi aliibandika ukutani chumba cha juu, kila mtu aione.

Siku iliyofuata alikwenda mtaani na Redio. Alikuwa amemwahidi kwamba hatamwingilia. Atasimama tu, aangalie. Walibisha hodi kwa mwanamke aliyekuwa na mtoto mgongoni. Redio akafungulia. Alimwaga sifa za jiko kwa dakika kumi bila kuvuta pumzi. Mwanamke alitabasamu kwa adabu, akasema atafikiri, akafunga mlango.

Kwenye kivuli cha ukuta, Msimamizi aliuliza, "Umejua nini kuhusu yule mama?"

Redio alikuna kidevu. "Ana mtoto."

"Anapikia wapi? Anapikia watu wangapi? Amewahi kutumia gesi?"

"Sikumuuliza."

"Nyumba inayofuata, uliza maswali matatu kabla hujalitaja jiko. Matatu tu. Halafu nyamaza, hata kama ulimi unakuwasha."

"Utaniua," Redio alisema.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya babu aliyeishi peke yake. Redio aliuliza, akanyamaza. Jasho lilimtoka. Babu alieleza kwamba anaogopa gesi, kwamba haoni vizuri, kwamba mkono wake mmoja umekufa ganzi. Redio alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo Msimamizi hakulitarajia.

"Babu," alisema, "jiko hili halikufai. Koki yake ni ngumu kwa mkono mmoja. Ukitaka, nitarudi mwanao akiwapo, tuongee wote."

Walitoka bila kuuza. Redio alitembea kimya mpaka kona ya barabara.

"Mwezi uliopita ningemuuzia," alisema.

"Najua."

"Angeungua."

Jumamosi, mtoto wa yule babu alikuja mwenyewe ofisini na majirani zake wawili. Alisema anataka kununua kwa yule jamaa aliyekataa kumuuzia baba yake.

Wiki sita zilipoisha, mauzo yalikuwa yamerudi pale yalipokuwa kabla ya moto. Hayakuzidi. Lakini hakuna jiko hata moja lililorudishwa, na hakuna muuzaji aliyeacha kazi, wakati zamani kila mwezi aliondoka mmoja. Mwezi wa tatu tangu waanze, yakazidi. Bosi hakumsifu. Alisema tu, "Endelea," na akaamuru kwamba muuzaji mpya asitoke peke yake mpaka aunganishe jiko na kulipima mbele ya wawili. Karatasi ya sahihi ilibaki, ila sasa ilikuwa na nafasi ya kuandika kile ambacho mtu amekifanya kwa mikono yake, na nani alimwona.

Bosi aliifuta pia barua ya kumfukuza mdogo mtu. Msimamizi aliipeleka habari hiyo nyumbani mwenyewe.

"Unaweza kurudi," alimwambia. "Niliwaambia ukweli. Kosa lilikuwa langu."

Mdogo wake alikuwa ameketi kitandani. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa nyembamba.

"Swali hukulijibu wewe, dada," alisema. "Lakini jibu kwa fundi nililitoa mimi."

Hakurudi.

*

Fundi alitoka hospitali baada ya wiki tisa. Kampuni ililipia matibabu yote. Vidonda vilipona safi, kwa sababu ya binti yake na yule nesi. Lakini vidole vinne vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja, na daktari alisema havitanyooka tena. Angeweza kushika kikombe. Hakuweza kushika sindano.

Msimamizi aliwahi kumwomba aje awaeleze wauzaji yaliyompata.

"Mimi si somo lenu," fundi alimjibu. Msimamizi akaomba radhi, na hakumwomba tena.

Mdogo mtu alikwenda kwa fundi bila kumwambia mtu. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, akasema yeye ni nani, kana kwamba fundi hakumjua. Fundi alimwacha pale kwa muda mrefu.

"Umekuja kuniomba msamaha?"

"Nimekuja kuuliza kama unahitaji mikono."

Binti wa fundi alikuwa amepata kazi mbali, na cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Fundi aliitazama cherehani, kisha akaitazama mikono ya yule msichana. Hakusema karibu. Alisogea tu, akamwachia nafasi ya kupita.

Tangu siku hiyo mdogo mtu alikwenda kila asubuhi. Fundi alikaa kando yake na kumwelekeza kwa mdomo: kata hapa, pinda, fumua, anza upya. Mengine yote hawakuyazungumza. Miezi miwili ilipita hivyo.

Siku moja mchana Msimamizi alipita pale akitoka mtaani na muuzaji mpya. Alisimama nje ya dirisha, asijue kama anaruhusiwa kuingia. Mdogo wake alikuwa akimalizia pindo la sketi. Fundi alilipitisha pindo lile polepole kwenye kiganja chake kilichojikunja, akatafuta kosa, akaikunja sketi na kuiweka kwenye meza.

"Kesho uje mapema," alimwambia. "Kuna magauni sita ya kwaya, na wanayataka Jumamosi."

"Nitakuja saa moja," mdogo mtu alijibu. Akasita, kisha akaongeza, "Nitakuletea na mkate, mama, kama hujanunua."

Msimamizi aliondoka dirishani bila kubisha hodi. Muuzaji mpya alimuuliza kama kuna tatizo. Msimamizi alisema hakuna, akafuta macho, wakaendelea na nyumba zilizobaki.